Nilikoroma Kwenye Maiki ya Harusi, Mama Akaanza Kumtafuta Mchawi

Nililala usingizi katikati ya harusi ya watu.

Sikuwa mwalikwa. Ningekuwa mwalikwa nisingesimulia, maana waalikwa wanalala kila Jumamosi na hakuna anayewaandika popote. Mimi nilikuwa MC.

Na maiki ilikuwa inawaka.

Ilikuwa mwezi wa tano, ukumbi mmoja Bukoba mjini. Jina la ukumbi naliacha kwa sababu wenye ukumbi hawana kosa lolote. Nilikuwa nimemkaribisha padri aombee chakula. Nikakaa kwenye kiti, maiki nimeishikilia chini ya kidevu, nikainamisha kichwa kama Mkristo yeyote.

Padri akamaliza. Ukumbi mzima ukasema Amina.

Mimi nikakoroma.

Tena si mkoromo wa kuonea watu aibu. Ulipita kwenye spika zote ukatoka hadi nje, na nimeambiwa baadaye kwamba madereva waliokuwa wanasubiri walidhani jenereta limekufa. Fundi wa muziki, badala ya kuzima maiki, alipunguza besi.

Niliamshwa kwa kuguswa bega. Alikuwa Ishengoma, MC mwenzangu, ambaye siku hiyo alikuja kama mwalikwa tu. Akaichukua maiki mkononi mwangu taratibu, kwa upole, kama unavyomnyang'anya mtoto kisu. Akaendelea na ratiba. Wanasema harusi ilichangamka sana kuanzia pale.

Kufika Jumatatu video ilikuwa imeshazunguka magrupu yote, Bukoba mpaka Muleba. Nikapewa jina jipya.

MC Jenereta.

Mimi naitwa Violeth. Sasa tulieni niwape mkanda mzima, maana watu wengi wana ile video lakini hawana habari yake.

Kazi yangu ni mdomo. Sina shamba la maana, sina cheti cha kutisha, nina sauti. Nilikuwa na uwezo wa kutambulisha ukoo mzima wa Wahaya, pamoja na vyeo vyao vyote, na supu isipoe. Anayewajua Wahaya na vyeo atanielewa nilikuwa nabeba mzigo gani.

Ile harusi haikuwa mwanzo. Mambo yalianza kuharibika mapema, ila kila kitu kilikuwa na maelezo yake.

Sauti ilikuwa nzito. Watu wananipigia simu wanasema, "Kaka, naomba kuongea na MC Violeth." Nawaambia nitampa ujumbe.

Nilikuwa navaa sweta saa saba mchana, mtaani kwangu Miembeni, jua likiwa kali kweli. Nikapima malaria, hakuna.

Nywele zilikuwa zinabaki kwenye kitana. Nikabadilisha dawa ya nywele.

Choo kilikuwa kinakuja kikijisikia. Nikala mapapai.

Nikanenepa bila kula. Hapo ndipo watu walipofurahi kweli. Uso umevimba, macho kama nimetoka kulia msibani, halafu mtu ananisimamisha barabarani: "Violeth, maisha yamekukubali!" Nami namshukuru. Ungefanya nini?

Kusahau nako kukaja. Kuna harusi nilisahau jina la bwana harusi, nikamwita "kijana wetu" kuanzia mlangoni mpaka keki. Watu wakaona ni mapenzi.

Lakini mkoromo haukuwa na maelezo.

Wateja wangu hawakuniacha moja kwa moja. Walisema, "Tutakujulisha." Mtu wa huku akikwambia atakujulisha, we nenda ukapike.

Akabaki mmoja, Ta Kaijage, yaani Mzee Kaijage, wa Nshamba huko Muleba, mkulima wa kahawa, mtu anayeheshimika, ambaye alikuwa anamwozesha binti yake wa mwisho mwezi wa kumi na mbili. Akanipigia mwenyewe, kwa adabu zote za Kihaya.

"Violeth, waitu, neno langu sijalirudisha."

"Asante sana, tata."

"Lakini mwisho wa mwezi wa kumi na moja nitakuja nikusikie. Nikikuta sauti yenyewe ndiyo hii, nitamchukua Ishengoma. Usinichukie."

Nikamwambia siwezi kumchukia. Nilikuwa nimechoka mno kumchukia mtu.

Ila nilijua imekaaje. Kwenye harusi ya Ta Kaijage watakuwepo wazazi wa kila msichana anayetarajia kuolewa Muleba. Nikiiweza ile, jenereta linasahaulika. Nikiikosa, maiki nimeiaga.

Mama yangu akaja kutoka kijijini Buganguzi kuniangalia. Anaitwa Rosalina. Naomba nimweleze vizuri, maana bila yeye hakuna stori.

Mama yangu alikuwa mtu mpole kuliko wote ninaowajua. Nasema mpole, namaanisha ukimuuliza swali asubuhi, jibu unalipata ukiwa unaosha vyombo vya mchana. Hakuwahi kupaza sauti. Hakuwahi kugombana na jirani. Tangu nimjue, yeye ni mtu wa sweta, kitambaa shingoni, na kiti chake kando ya jiko. Kanisani anatajwa kama mfano wa mwanamke mtulivu. Marehemu baba alikuwa akisifiwa kwa kuoa vizuri.

Basi mama akaketi chumbani kwangu Miembeni, akaniangalia. Nikafua nguo. Nikaanika. Nilipoingia ndani akasema:

"Ishengoma."

"Amefanya nini?"

Nikakunja nguo zilizokuwa zimekauka.

"Kwa nini alikuja na suti?"

"Mae, ilikuwa harusi."

"Ile ilikuwa suti ya kazi."

Mama akawa ameshaamua. Ishengoma alijua kwamba nitalala, kwa hiyo Ishengoma ndiye aliyenilaza. Akasema kuna mtu anaona mambo, twende kesho. Nikakubali, kwa sababu kukataa kulihitaji nguvu.

Kesho yake tukapita kwanza dukani kwa Mama Jashoda nirudishe vitambaa vya mapambo. Mama Jashoda ni Mhindi wa pale pale Bukoba, wa zile familia za maduka ambazo sasa zimebaki chache. Babu yake aliuza vitambaa, baba yake aliuza vitambaa, yeye anauza vitambaa. Nikaketi juu ya majora nimsubiri ahesabu.

Nikalala.

Akaniamsha yeye. "Violeth, hiyo sweta ya nini? Mimi hapa natoka jasho."

"Nasikia baridi, mama."

"Inua kidevu. Meza mate."

Nikameza mate. Akanitazama shingo kama anatazama kitambaa chenye kasoro.

"Dada yangu alikuwa hivi hivi, yule wa Mwanza. Nenda hospitali wakupime tezi. Leo. Usiseme kesho."

Mama yangu alikuwa na pingamizi kuhusu jambo hilo. Ila lilipofika mdomoni, sisi tulikuwa tayari kwenye foleni ya hospitali.

Daktari alikuwa dada mmoja wa Kisukuma, Daktari Sayi, mgeni mkoani, hana muda mrefu tangu ahamishiwe. Akanishika shingo, akauliza maswali, akachukua damu. Majibu ya vipimo yalipokuja akatukalisha wote wawili.

"Violeth, hapa shingoni kuna tezi. Ndiyo inayouambia mwili uende kasi gani. Moyo, tumbo, akili, joto, hata nywele. Yako imechoka."

"Imechokaje?"

"Kinga ya mwili, ambayo kazi yake ni kupigana na vijidudu, imeiona tezi yako ikadhani ni adui. Inaishambulia polepole. Ubongo unaiita tezi ifanye kazi, tezi haiitiki, ubongo unazidi kupaza sauti. Kipimo chako kiko juu kwa sababu ya hizo kelele."

Nikaelewa mara moja. Ukumbi unaita MC, MC amelala.

"Kwa hiyo ninajiroga mwenyewe?"

Daktari akafikiri. "Ukitaka kuliweka hivyo."

Mama akafungua mkoba. "Daktari, ni chumvi? Nimemletea chumvi."

"Hapana, mama. Ile goita ya kukosa madini joto ipo, lakini hii ni nyingine. Ile chumvi ya kawaida ya mboga inamtosha. Msimzidishie."

Mama akarudisha chumvi mkobani. Ilikuwa nyingi.

Daktari akaniandikia kidonge. Kimoja kila siku, maisha yote. Akasema hakiiponyi tezi, kinajaza pale tezi inaposhindwa, kwa hiyo hata nikijisikia mzima nisiache. Nikimeze alfajiri, tumbo tupu, kwa maji matupu, halafu nikae saa nzima sijala wala kunywa chochote. Nirudi baada ya wiki kadhaa nipimwe tena, maana hiki si kidonge cha kumeza leo ukacheze kesho.

"Swali la mwisho. Kwenye ukoo kuna mtu mwenye shida hii? Huwa inatembea kwenye familia."

Kwa mara ya kwanza katika maisha yangu mama alijibu bila kuchelewa.

"Kwenye ukoo wetu wote ni wazima."

Nikafunga chumba Miembeni, nikahamia kwa mama Buganguzi nipumzike. Hapo ndipo pa kusikiliza vizuri.

Masharti ya daktari tuliyafuata kama amri za kanisa. Mama ananiamsha alfajiri, kikombe cha maji kiko tayari, kidonge kiko kwenye kisosi. Nameza. Chai hakuna, uji hakuna, maziwa mama anayafunika kabisa nisiyaone.

Halafu majirani wanaanza kuingia kumjulia hali mgonjwa. Buganguzi hakuna anayesubiri kuche vizuri. Na mgeni akiingia kwa Mhaya, kabla hujamwambia lolote, kikapu kidogo cha kahawa kinatoka.

Nisiwaache nje ambao si wa huku. Hii si kahawa ya kikombe. Ni kahawa ya kutafuna, akamwani. Mama anaichuma mwenyewe, anaichemsha na majani yake anayoyajua, anaianika mpaka inakauka, anaiweka kwenye kikapu chenye kifuniko. Mgeni anachukua punje chache, na mwenyeji anachukua, mnatafuna, ndipo mazungumzo yanaanza. Zamani watu wakitaka kuwa ndugu walichanja ngozi, damu ikawekwa kwenye punje ya kahawa, kila mmoja akala ya mwenzake. Kwa hiyo ukikataa kahawa ya mtu, umemkataa mwenyewe.

Mimi mgonjwa, watu wamekuja kwa ajili yangu. Nilitafuna na kila mmoja.

Na kabla hawajafika, mama alikuwa ananipa zake mbili tatu za kuondoa ladha ya dawa.

Mwezi wa nane nikarudi hospitali. Kipimo hakijashuka. Daktari akauliza kama nameza kila siku. Kila siku. Na maji? Na maji. Kuna chochote nakula au kunywa kabla saa haijaisha? Hakuna. Akapandisha dozi.

Mwezi wa kumi nikarudi. Kipimo kimekaa pale pale kama mpangaji asiyetaka kuhama. Sauti yangu ilikuwa mbaya zaidi. Ta Kaijage alikuwa amepiga simu wiki hiyo, akasikiliza "shikamoo" yangu, akasema atakuja tu kama alivyoahidi. Nilipokata simu nililia. Nilikuwa nimeshaanza kumpa Ishengoma ile harusi moyoni.

Daktari Sayi akayasoma yale majibu, akayaweka mezani, akayachukua tena.

"Violeth, hebu niambie ukweli. Dawa unameza?"

"Nameza, daktari."

"Mama, anameza?"

Tukasubiri.

"Mimi ndiye nampa," mama akasema.

Daktari akashika kichwa. Na mama yangu, ambaye hapendi kumwona mtu wa watu akihangaika, akaona hali imekuwa nzito. Akafungua mkoba, akatoa kikapu chake kidogo, akafunua.

"Karibu, daktari."

Daktari hakutaka kumvunjia heshima. Akachukua punje moja, akaitia mdomoni, akatafuna huku bado anayatazama yale majibu. Mama akachukua zake. Akanipa na mimi zangu. Tukatafuna wote watatu, ofisini kwa daktari.

Daktari akaacha kutafuna.

"Mama, hii ni nini?"

"Kahawa."

Daktari akanigeukia. Nilikuwa natafuna.

"Na asubuhi? Akishameza dawa?"

"Akishameza nampa kidogo," mama akasema. "Kuondoa ladha."

"Halafu?"

"Halafu wageni wanakuja."

"Nao wanampa?"

"Sasa daktari, watu wametoka makwao wamemjia mgonjwa."

"Mama, nilisema asile chochote!"

Mama akamtazama kwa huruma, kama mtu anayemweleza mgeni wa nchi.

"Hajala, daktari. Hii si chakula. Hii ni salamu."

Nataka niwe mkweli: mpaka pale, hata mimi sikuwa nimeiona shida iko wapi. Nilikuwa nimeulizwa waziwazi kama nakula au nakunywa kitu, nikasema hapana, na roho yangu ilikuwa nyeupe. Ukiniuliza kama nimesalimiana na watu, hilo ni swali lingine.

Daktari Sayi akatema ile punje kwenye kitambaa, kwa adabu. Akatueleza kwamba kidonge hiki ni cha kudeka, kinataka kipite peke yake. Kahawa kikikutana nayo tumboni, sehemu kubwa inaweza kuishia njiani bila kuingia kwenye damu. Akasema tunaacha kahawa ya alfajiri, na dozi anairudisha ile ya kwanza, maana sasa kidonge kitaanza kuingia kama inavyotakiwa, na kikizidi moyo utakimbia.

"Kahawa hakuna kabisa?" mama akauliza, kikapu amekikumbatia.

"Ipo, mama. Isubiri saa nzima kama chakula kingine."

Mama akashusha pumzi. Katika kushusha pumzi, kile kitambaa cha shingoni kikalegea.

Daktari akamwangalia. Akamwangalia tena.

"Mama, hiyo shingo imeanza lini?"

Mama akakivuta kitambaa. "Hii ni shingo ya kwetu. Mama yangu alikuwa nayo."

"Na sweta?"

"Nasikia baridi."

"Tangu lini?"

Hilo jibu hatukulisubiri. Daktari akasimama na kwenda kuita mtu wa damu.

Majibu ya mama yalipotoka, kipimo chake kilikuwa juu kuliko changu. Kwa mbali. Daktari alisema haelewi mama alikuwa anatembeaje. Mama akamshukuru, akidhani amesifiwa.

Kwa hiyo tulikuwa tumemtafuta aliyenitumia huu ugonjwa tangu mwezi wa tano. Tulimshuku Ishengoma na suti yake. Kumbe aliyenitumia alikuwa amekaa kando yangu na kikapu cha kahawa. Alinitumia kwa njia ya damu, kama daktari alivyouliza siku ya kwanza na mama akasema wote ni wazima.

Tukarudi Buganguzi na vidonge vya watu wawili. Mama alianzishiwa dozi ndogo, kwa ajili ya moyo wake, na kuongezwa taratibu.

Alfajiri zikabadilika. Tunameza, tunakaa kwenye viti, kikapu kiko mezani kimefunikwa, tunakitazama. Wageni wakiingia mama anawaambia kahawa bado. Jirani mmoja aliondoka amenuna, akawaambia watu kwamba Rosalina siku hizi anapima salamu kwa saa. Mama aliumia sana. Alimfuata kwake baadaye asubuhi na kikapu, wakatafuna pamoja, akamweleza. Siku zilizofuata majirani wenyewe wakaanza kuja jua likiwa limeshapanda.

Senene, wale panzi wetu wa kula, wakaanza kuanguka. Siku moja, watu wako nje wanawakimbiza, nikajikuta nimevua sweta na mimi nakimbiza. Nilipogundua sina sweta nilisimama katikati ya uwanja. Nilikuwa nasikia joto. Nilifurahi joto kama mtu aliyepata kazi.

Sauti ikafuata. Nilikuwa naitambulisha migomba, kisha mbuzi, kwa vyeo.

Halafu ikatokea ile asubuhi. Nilikuwa jikoni nikasema, "Mae, chumvi iko wa..."

"Kwenye kopo la bluu nyuma ya mafuta, na funika vizuri jana uliiacha wazi."

Niliangusha kijiko.

Nikatoka nje kumtazama. Alikuwa anafagia. Si kufagia kwa kusukuma ufagio, kufagia kweli, huku anaongea na kuku.

Mwisho wa mwezi wa kumi na moja Ta Kaijage akaja, na kofia yake. Akapewa kiti, akapewa kahawa, ilikuwa saa nne, saa halali. Akasema, "Haya, nisikie."

Nikasimama mlangoni nikamtambulisha yeye na ukoo wake, kuanzia babu mpaka mjukuu aliyeko masomoni, vyeo vyote, kasi ile ile ya zamani. Sikukwama popote. Alikuwa bado anatafuna punje zile zile nilipomaliza.

Akafungua mdomo anijibu. Hakuwahi.

"Kaijage, mbona shangazi yako wa Kamachumu hajatajwa, au kwa sababu hakukuachia shamba?" Ilikuwa sauti kutoka jikoni.

Mzee akashtuka. "Huyo nani?"

"Ni mama."

"Mama gani?"

"Mama yangu. Rosalina."

Ta Kaijage akavua kofia. Akakaa hivyo, kofia magotini, akisikiliza jikoni ambako mama alikuwa anaendelea.

"Mawe," akasema polepole, mshangao wetu wa Kihaya. "Amerudi."

"Alikuwa wapi, tata?"

"Wewe hukumjua. Huyu alipokuwa msichana ndiye alikuwa anaimbisha wenzake kwenye harusi zote za huku. Alikuwa na mdomo! Tulikuwa tunamwomba apumzike tule. Marehemu baba yako alimpendea mdomo huo." Akageuza kofia. "Akaolewa, akakuzaa wewe, akanyamaza. Tukasema, mtoto amemtuliza. Tukampongeza baba yako."

Nikamwambia nakuja. Nikaenda nyuma ya nyumba kwenye migomba, nikalia kilio ambacho sikukilia kwa ajili yangu mwenyewe.

Daktari Sayi aliniambia baadaye kwamba inawezekana kabisa. Kuna wanawake wengine shida hii huwaanza wakishajifungua, na wa zamani nani angewapima? Kwa hiyo umri wangu wote, mama alikuwa kwenye baridi ile niliyoionja mimi miezi michache nikadhani nakufa. Alinilea akiwa ndani yake. Alimzika mume akiwa ndani yake. Na sisi wote, kanisa, ukoo, mimi, tulikuwa tunausifu ugonjwa. Tuliupa jina zuri, tukauita upole.

Harusi ya Nshamba niliifanya mimi. Sitajisifu, waliokuwepo wapo. Ishengoma alikuja kama mwalikwa, na suti ile ile. Mama akamfuata na kikapu chake kumwomba radhi, maana alikuwa amemsema kwa watu. Akamuuliza na la moyoni: kwa nini ile siku alivaa suti ya kazi?

"Mama," Ishengoma akasema, "nina suti moja."

Baada ya keki nilimpa mama maiki aseme neno fupi la baraka.

Kosa kubwa.

Aliimbisha ukumbi mzima. Nyimbo nilizokuwa sijawahi kuzisikia kinywani mwake, na kinamama wa rika lake wakazipokea kama zimeimbwa jana, wengine machozi yanawatoka. Ratiba ikavurugika. Ilibidi niende mimi, MC wa Ta Kaijage, kuichukua maiki mkononi mwa mama yangu taratibu, kwa upole. Alikataa.

Kwa hiyo wenye ile video ya jenereta, ihifadhini, siwazuii. Ila wekeni na hii pembeni yake. Ukichoka kwa namna ambayo usingizi hauimalizi, ukavaa sweta watu wakiwa wanatoka jasho, kabla hujamtafuta mwenye suti, nenda wakuangalie shingo na damu. Ukipewa kidonge, kipe maji tu na saa yake nzima. Hata salamu isubiri.

Naandika haya mama yupo mlangoni anaongea tangu asubuhi, na sasa anataka kujua kwa nini nimeandika kwamba chumvi ilikuwa nyingi.

Na kama kwenu kuna mtu mpole sana, mnayemsifu, anayekaa kando ya jiko na sweta yake, mpelekeni akapimwe. Huenda si mpole.